Maswali ya wasomaji: joho la mvua juu ya baiskeli

Masika yakishika, baiskeli nyingi huegemezwa ukutani, na wenye nazo hurudi kupanga foleni ya daladala. Si lazima iwe hivyo. Toleo hili tunajibu maswali kuhusu joho la mvua, lile vazi pana lisilo na mikono, lenye tundu la shingo na kofia yake, ambalo wengine huliita poncho. Maswali yenye kufanana tumeyaunganisha.

Nina koti la mvua la plastiki na suruali yake. Halina tundu wala mshono uliofumuka, lakini nikifika shuleni baada ya kilomita 9 shati limelowa chapachapa. Maji yanapita wapi? Na joho lingenifaa zaidi? (Mwalimu, Bukoba)

Hayapiti popote, Mwalimu. Hayo ni jasho lako mwenyewe. Mtu anayekanyaga pedeli hutoa joto jingi na jasho jingi, na plastiki haipitishi mvuke. Mvuke ukigusa plastiki iliyopozwa na mvua unageuka matone, matone yanateremka kwenye shati. Jaribu hivi: vaa koti lako siku isiyo na mvua, endesha kilomita hizo hizo, kisha pitisha kiganja kwa ndani ya mgongo. Ukikuta maji, umepata jibu.

Joho hushughulikia jambo hilo kwa njia rahisi: liko wazi chini. Unaliweka juu ya mikono yako iliyoshika usukani, linakaa kama hema dogo, na hewa inaingia kwa chini na kutokea ubavuni na nyuma. Mapaja, magoti na mikono vyote viko chini ya paa, kwa hiyo suruali ya plastiki huihitaji. Kwa mji wenye mvua kama Bukoba, ambako kwa mwaka hunyesha takriban milimita 2,000, ndilo vazi tunalolipendekeza kwa mtu anayekwenda kazini kwa mwendo wa kawaida akiwa ameketi wima.

Lakini usitarajie miujiza mlimani. Ukipanda kwa nguvu utatoka jasho hata ndani ya joho. Punguza mwendo, shuka usukume pale penye mwinuko mkali, na chini yake vaa nguo moja nyepesi tu. Sweta liache kwenye begi, ulivae ukifika.

Pana hali mbili ambazo koti hushinda joho: upepo mkali, na barabara nyembamba yenye malori. Tutaligusia hilo mbele.

Joho ninalo, na kiunoni kwenda juu ni mkavu kabisa. Lakini viatu, miguu na nyuma ya suruali hujaa matope. Je, ninunue joho refu zaidi? (Morogoro)

Hapana! Joho refu zaidi litaingia kwenye spoki. Maji yanayokulowesha hayatoki mbinguni, yanatoka kwenye matairi yako. Joho lina kazi ya mvua ya juu. Mvua ya chini ni kazi ya madigadi, na mtu asiyekuwa na madigadi kamili, joho hata liwe la bei gani litamwangusha.

Tazama maji yanavyokwenda. Tairi la mbele huyabeba kutoka barabarani na kuyarusha. Yanayoachia mapema, nyuma ya tairi, hukupiga miguuni na kwenye cheni. Yanayozunguka mpaka juu huruka mbele, upepo wa mwendo ukayarudisha mpaka kwenye magoti na kifua. Tairi la nyuma nalo hukuchora ule mstari wa tope mgongoni, na chini ya joho lililo wazi mstari huo hupanda vizuri tu.

Kwa hiyo, madigadi ya mbele ianze mbele ya sehemu ya juu ya foku (ule uma unaoshika gurudumu la mbele) na ishuke nyuma ya tairi. Nyingi hukatika juu mno, sentimita 25 au 30 kutoka ardhini, na hapo ndipo viatu vinapoharibika. Dawa yake ni kipande cha kuning'iniza. Kata mpira wa tyubu ya lori, au ubavu wa dumu la plastiki, upana wa sentimita 12 juu na 16 chini, urefu wa kutosha kufikia sentimita 8 hivi kutoka ardhini. Toboa matundu mawili kwenye ncha ya madigadi, funga kwa bolti ndogo za milimita 5 zenye washa pana pande zote mbili, la sivyo mpira utachanika kwenye tundu. Vichwa vya bolti viwe upande wa tairi, nati upande wa nje. Ukigeuza, ncha ya bolti itakwaruza tairi siku utakapogonga jiwe. Tyubu ya lori ni nzuri kuliko dumu kwa sababu hujikunja ikigonga tuta.

Kati ya tairi na madigadi acha nafasi ya milimita 10 hadi 15. Kwa wanaopita udongo mweusi wa mbuga nafasi hiyo haitoshi, kwani udongo huo hushikana na nyasi, hujaza madigadi na kufunga gurudumu likagoma kabisa. Njia ikiwa ni ya namna hiyo, bora kuvua madigadi, kukubali matope, na kubeba suruali ya kubadilisha. Hatujaona ujanja mwingine unaofanya kazi.

Miguuni, gambuti ndizo zinazofaa, mradi suruali ishuke nje ya gambuti na si ndani, ama sivyo maji ya suruali yatajikusanya ndani ya kiatu. Wengine huvaa ndala na kubeba viatu kwenye mfuko. Ni sawa, ila ndala zenye soli laini huteleza kwenye pedeli ya chuma iliyolowa, basi zenye kamba nyuma ya kisigino ni salama zaidi.

Mimi ni fundi cherehani. Wateja wananiomba nishone majoho ya baiskeli, lakini la kwanza nililoshona linavuja kwenye mishono, na mteja analalamika kuwa maji hujaa mapajani. Nipeni vipimo. (Singida)

Fundi, hongera kwa kuanza. Tuanze na kitambaa: nailoni nyepesi iliyopakwa utando wa kuzuia maji upande mmoja, upana wa sentimita 150. Upande wenye utando uwe ndani. Kabla ya kununua, shika kitambaa kama bakuli, mimina kikombe cha maji, subiri dakika 10, kisha papasa chini. Kikiwa na unyevu, kirudishe. Plastiki nzito ya PVC huzuia maji vizuri sana, lakini ni nzito, hukakamaa, na hupasuka kwenye mikunjo.

Kwa mtu mzima wa kimo cha kati nunua mita 2 na nusu: mita 2 za mwili, nusu mita ya kofia. Ila kila mteja mpime akiwa juu ya baiskeli yake, mikono kwenye mishikio. Mbele, pima kutoka shingoni kupitia juu ya mikono mpaka kwenye vifundo vya vidole, ongeza sentimita 15. Mara nyingi utapata kati ya 90 na 100. Nyuma, pima kutoka shingoni mpaka kwenye siti, ongeza sentimita 15, utapata kati ya 75 na 85. Kwa hiyo tundu la shingo haliko katikati ya kitambaa, mbele huwa ndefu. Wengi wanaoanza hukosea hapo: wanakunja kitambaa mara mbili na kukata katikati, mbele inakuwa fupi, haifiki kwenye usukani, na maji yote yanamwagikia mapajani. Huenda ndilo lalamiko la mteja wako.

Upana wote wa 150 uache ulivyo. Pembe nne zizungushe kwa kuchorea sinia, maana pembe kali ya nyuma hupeperuka na kunaswa na spoki. Mwisho wa nyuma uwe juu ya keria kwa sentimita 10 hivi mtu akiwa ameketi.

Tundu la shingo likate mviringo wa sentimita 46 kuzunguka, kisha pasua mbele sentimita 22 ili kichwa kipite. Nyuma ya mpasuo huo weka ulimi wa kitambaa wenye upana wa sentimita 12, na ufunge kwa velkro. Zipu tupu bila ulimi huvuja.

Sasa mishono. Sindano iwe mpya na nyembamba, namba 12, uzi wa poliesta, na hatua ya mshono iwe ndefu, milimita 3 na nusu mpaka 4. Ukishona hatua fupi unatoboa kitambaa kama stempu, kinachanika kwenye mstari. Usitumie pini mahali popote patakapobaki nje, kwani kila tundu la pini halifungi tena. Tumia vibanio vya nguo. Mwisho, paka gundi ya kuziba mishono kwa ndani, mara mbili, na uache kila mpako ukauke usiku mzima. Gundi ifuatane na kitambaa: chenye utando wa silikoni hukubali gundi ya silikoni peke yake, nyingine zote hubanduka kama ganda. Na PVC ina gundi yake, ile ya kubandikia maturubai. Solusheni ya pancha haishiki sawasawa kwenye PVC, ingawa wengi huijaribu.

Bado vitu viwili vidogo ambavyo ndivyo vinavyolitofautisha joho la baiskeli na joho la kutembelea. Cha kwanza ni vitanzi vya vidole gumba: vipande viwili vya lastiki, urefu wa sentimita 14 kila kimoja, vikunjwe na kushonwa kwa ndani kwenye pindo la mbele, vikiachana sentimita 45 hadi 50. Vishone kwenye pindo lenyewe, si katikati ya kitambaa, ili usiongeze matundu. Mwendeshaji huingiza dole gumba na joho linabaki limetandazwa juu ya usukani. Cha pili ni mkanda wa kiunoni kwa ndani ya mgongo, tepe mbili za sentimita 70, zikifungwa mbele ya tumbo chini ya joho. Pale unapozishona, weka kiraka kwa ndani na uzibe kwa gundi.

Ubavu usiushone. Weka kifungo kimoja cha kubonyeza kila upande, usawa wa kiuno. Mtu akianguka, vifungo vifyatuke na joho limwachie.

Na yale maji ya mapajani: hata joho lenye vipimo sahihi hubonyea kati ya mikono miwili na kutengeneza kidimbwi. Mwambie mteja ainue vidole gumba kila baada ya muda ili maji yamwagike mbele. Mwenye kikapu cha mbele ana bahati, kikapu kilichojaa hulinyanyua joho kama mti wa kati wa hema.

Upepo wa ziwani hunifunika joho usoni, na jioni watu wa magari wanasema hawanioni kabisa. Nabeba abiria pia. (Mwendesha boda boda ya baiskeli, Kisumu)

La upepo kwanza. Mkanda wa kiunoni ukiwa umefungwa, mgongo hauwezi kupanda juu ya kichwa. Vitanzi vikiwa vidoleni, mbele haipandi usoni. Kasoro ya kawaida ni kufunga mbele ya joho kwenye usukani kwa mpira wa tyubu. Usifanye hivyo, kwa kuwa ukianguka hutatoka, na usukani utavutwa kila upepo unapovuma. Hata hivyo joho ni tanga. Upepo wa ubavuni hukusogeza, na lori likikupita kwa kasi, kwanza hukusukuma, kisha hukuvuta ndani ya barabara. Ukiona lori kubwa linakuja, shika usukani imara na uache nafasi upande wako wa kushoto. Upepo ukianza kukuyumbisha, shuka. Ukiwa na abiria, shuka mapema zaidi.

Kuhusu kuonekana, madereva wanasema kweli. Taa ya kwenye usukani iko chini ya joho, na ile ya chini ya siti imefunikwa na mkia. Hamisha ya mbele iwe kwenye mguu wa foku au mbele ya madigadi, na ya nyuma iwe kwenye madigadi ya nyuma au mwisho wa keria. Baadhi ya majoho kutoka China yana dirisha la plastiki angavu mbele ili taa ipenye. Hufanya kazi likiwa jipya, likichujuka halisaidii. Kama unatumia dainamo ya kusugua tairi, ujue huteleza tairi likilowa na taa hufifia, basi uwe na ya betri pia.

Ishara ya mkono chini ya joho haionekani. Ukitaka kukata kulia, geuza kichwa utazame nyuma, toa mkono mzima nje ya pindo, uonyeshe, kisha urudishe. Nunua joho la njano au la rangi ya chungwa, si la kijani cha jeshi. Bandika utepe unaong'aa wa sentimita 5 kwenye pindo la nyuma, na uubandike, usiushone.

Joho la pikipiki, lile refu lenye mifuko ya vioo vya pembeni, lisikuvutie kwa bei. Mkia wake hufika kwenye gurudumu la baiskeli.

Mvua ikinyesha breki zangu hazishiki, hasa ninapoteremka. Baiskeli ni ile nzito ya breki za vyuma, si za waya. (Lushoto)

Rimu zako ni za chuma chenye kung'aa, na chuma laini kikilowa hubeba utando wa maji ambao raba za breki huelea juu yake. Kwa mizunguko kadhaa ya mwanzo unabonyeza na hakuna kinachotokea, kisha raba zikishafuta maji, breki zinashika ghafla. Hapo ndipo watu wanapoanguka. Kwa hiyo anza kubonyeza taratibu kabla hujahitaji kusimama, uzikaushe rimu, halafu ndipo ukamate. Mteremko wote wa Lushoto uteremke ukiwa umegusa breki kidogo, usingoje kona. Penye mwinamo mkali sana, teremka kwa miguu.

Raba zisogeze zikaribie rimu kwa milimita 3, na uzikague kila wiki wakati wa masika, maana mchanga huzila haraka. Ukitaka suluhisho la kudumu, badilisha rimu ziwe za aluminiamu, au tafuta gurudumu la nyuma lenye breki ya ndani ya habu (kitovu cha gurudumu), inayoshika kwa kukanyaga pedeli kinyumenyume. Maji ya rimu hayaihusu.

Navaa baibui na nampeleka mwanangu wa miaka minne chekechea kwenye kiti cha nyuma. Nimfunike kwa joho langu? (Mama, Zanzibar)

Usimfunike, dada. Chini ya mkia wa joho lako mtoto haoni, hapati hewa ya kutosha, na wewe hujui mikono na miguu yake iko wapi. Mvalishe koti lake fupi lenye kofia isiyo na kamba shingoni, na gambuti. Gambuti zinamkinga pia na spoki, ingawa kiti chenyewe lazima kiwe na mahali pa kuwekea miguu na ubao wa kuziba gurudumu. Mkia wa joho lako ukunje uukalie.

Baibui lipandishe mpaka chini ya magoti na ulibane kwa lastiki pana. Joho litakusitiri. Kisha weka wavu wa kulinda nguo, kama ule uliokuwa kwenye baiskeli za kike za zamani: toboa matundu ya milimita 3 kwenye ukingo wa madigadi ya nyuma, 8 au 10 kila upande, na uvute kamba ya nailoni kutoka kila tundu mpaka karibu na ekseli. Fundi huimaliza kwa saa moja. Cheni nayo ifunikwe na kava nzima.

Naweza kushika mwavuli kwa mkono mmoja? Ni kilomita 2 tu. (Tanga)

Hapana. Unabaki na breki moja, na upepo wa kwanza utakaogeuza mwavuli utageuza na usukani.

Huku baridi inafika nyuzi 4. Kofia ya joho ivaliwe juu ya helmeti au chini yake? Nikigeuka kutazama nyuma naona kitambaa tu. (Msomaji, Utrecht, Uholanzi)

Chini ya helmeti, na ibanwe ili igeuke pamoja na kichwa. Kofia inayokaa juu ya helmeti hubaki ikitazama mbele wakati wewe unageuka, ndiyo maana unaona kitambaa. Kama ni nene kiasi cha kuibana helmeti, iache nyuma na uvae kepu nyembamba yenye ukingo chini ya helmeti, ukingo huo huzuia matone machoni. Kwa baridi hiyo joho lina faida nyingine, mikono yako iko chini ya paa na glavu hazilowi. Jambo moja kwa mkazi wa huko: sheria inakuruhusu kuvaa taa kifuani na mgongoni badala ya kuifunga kwenye baiskeli, lakini ukiifunika kwa joho ni sawa na kutokuwa nayo.

Joho langu limeanza kunata na linanuka. Lilikaa kwenye begi tangu vuli. (Njombe)

Likiwa linanuka tu, ni ukungu. Lioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya kipande, bila bleach, suuza sana, litundike kivulini mpaka likauke pande zote mbili. Likiwa linanata kwa ndani, utando wenyewe umeoza kwa unyevu na joto, na hakuna gundi wala dawa itakayourudisha. Likate, utumie sehemu nzima kufunikia mzigo kwenye keria, na ununue jingine.